Tyubu ya buluu isipojaa, INR si ya kuaminiwa

Ndugu wa Mbale, umeuliza kwa nini mgonjwa wako wa valvu ya moyo alipimwa hapo kliniki akapata INR (kipimo cha muda wa damu kuganda; ikipanda, damu inachelewa kuganda) 5.8, kesho yake Kampala akapata 3.1, na dozi ya warfarini, dawa yake ya kuzuia damu kuganda, hakuigusa mtu. Kabla ya kuilaumu mashine, chunguza tyubu ilijazwa kiasi gani.

Tyubu ya kifuniko cha buluu ina sodiamu sitreti ya asilimia 3.2, yaani chumvi ya asidi ya sitriki, ile inayoipa ndimu ukali wake. Sitreti hukamata kalisiamu, na bila kalisiamu damu haigandi. Maabara hutenga plazma, yaani maji ya damu, huirudishia kalisiamu kwa kipimo maalumu, kisha huhesabu sekunde hadi igande. Hesabu hiyo inasimama juu ya uwiano wa damu 9 kwa sitreti 1: mililita 0.3 za sitreti zinangoja mililita 2.7 za damu. Ukiweka 1.5 tu, sitreti ya ziada inaimeza na kalisiamu ya kipimo, plazma inachelewa kuganda, INR inapanda. Daktari akiiamini namba hiyo na kupunguza warfarini, bonge la damu linaweza kufanyika kwenye valvu, likaleta kiharusi. Ndiyo maana naomba sana jambo hili lisichukuliwe kama ukali wa watu wa maabara.

Sababu za kutojaa ni chache. Sindano ya kipepeo ina hewa kwenye mrija wake wa mpira, na hewa hiyo inakula nafasi ya damu. Itoe hewa hiyo kwanza kwa tyubu utakayoitupa, ya buluu au isiyo na dawa. Tyubu iliyopita muda wake hupoteza nguvu ya kuvuta. Usiunganishe tyubu mbili nusunusu, kwani sitreti inakuwa maradufu. Usijazie kutoka tyubu ya zambarau: EDTA, dawa iliyomo humo, nayo inakamata kalisiamu. Ile nyeusi ya ESR (kipimo cha kasi ya seli nyekundu kutuama) pia si mbadala, uwiano wake ni 4 kwa 1.

Ikijaa, igeuze taratibu mara nne hivi. Usiitikise.

Kuna tyubu iliyojaa vizuri na bado ikakosea. Watoto wenye kasoro ya moyo ya kuzaliwa inayowafanya wawe na rangi ya buluu huwa na damu nzito, plazma kidogo. Hematokriti, yaani sehemu ya damu ambayo ni seli nyekundu, ikizidi asilimia 55, punguza sitreti ibaki mililita hizi: 0.00185 × (100 − hematokriti) × mililita za damu. Kwa hematokriti 60 na damu 2.7 unapata 0.2, kwa hiyo toa 0.1 kabla ya kuchukua damu. Upungufu wa damu, ambao malaria inatuletea kila siku, hauhitaji marekebisho haya.

Mfuko wa damu ya kuchangia unafuata kanuni hiyohiyo ya kujaa: mililita 63 za CPDA-1, dawa yake yenye sitreti, kwa damu 450. Ulioishia nusu una sitreti kupita kiasi.

Kuhusu kusafirisha hadi Kampala: sampuli ya INR inakaa saa 24 kwenye joto la chumba ikiwa imefungwa; usiiweke kwenye friji. APTT, kipimo kingine cha kuganda kwa damu, ina saa 4 tu. Gari likichelewa, zungusha tyubu kwenye mashine ya sentrifuji kwa nguvu ya 1500 g dakika 15, hamisha plazma kwenye tyubu ya plastiki, izungushe tena, hamisha, kisha igandishe kuwa barafu kwenye friza. Na huyo mgonjwa, mchukue damu upya kwa tyubu iliyojaa kabla hujagusa dozi.