Mikono yangu na ya msaidizi inagongana kinywani

SWALI: Jambo yaya dokta. Niko kwenye staji ya meno hapa Lubumbashi. Nikiwa peke yangu naenda vizuri. Wakinipa msaidizi, mikono yetu inagongana, aspireta (bomba la kunyonya mate na maji) inaniziba kioo cha kinywani, nachelewa. Tena msaidizi wetu ni mama mwenye umri wa kunizaa, naona haya kumwambia fanya hivi, fanya vile. Nifanyeje?

JIBU: Mdogo wangu, dakika unazookoa ukiwa peke yako utazilipa kwa shingo na mgongo, na mgonjwa anazilipa kwa kukabwa na maji. Tuanze na mnavyokaa.

Uchukulie uso wa mgonjwa kama saa ya ukutani, utosi kwenye 12. Ukitumia mkono wa kulia, nafasi yako ni kati ya 7 na 12, ya msaidizi kati ya 2 na 4. Vyombo vinapitia kati ya 4 na 7, chini ya kidevu, kamwe si juu ya macho. Macho ya msaidizi yawe juu kuliko yako kwa sentimita 10 hadi 15, la sivyo ataona mgongo wa mkono wako tu.

Sasa aspireta, maana nadhani ugomvi wenu uko hapo. Wanafunzi wengi huingiza turbini (mashine ya kuchimba jino) na kioo kwanza, halafu msaidizi ahangaike na upenyo uliobaki. Mwache yeye atangulie, wewe ufuate. Bomba linakaa upande wa jino ulio karibu naye: ukichimba molari (gego) ya chini kulia, liko upande wa ulimi, na papo hapo linauzuia ulimi usije kwenye frezi, ile ncha inayochimba; ukihamia kushoto, liko upande wa shavu. Mdomo wa bomba uwe usawa wa uso wa kutafunia au juu yake kidogo. Kioo kikijaa matone usikitoe, yeye akipulizie hewa.

Kingine ni macho yako. Ukigeuka kutafuta sonda (chombo chembamba cha kuchunguzia jino) kwenye trei, mkono umeshatoka kinywani na msaidizi hajui utarudia wapi. Kidole cha kuegemea kibaki kwenye jino. Ukimaliza na chombo, kiinue kidogo tu, hiyo ndiyo ishara. Anakipokea kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, na kwa vidole vya mbele vya mkono huohuo anakupa kipya, ncha ikielekea chini kwa taya la chini, juu kwa taya la juu. Fanyeni mazoezi mezani, kalamu mbili zinatosha.

Kuhusu mama: hakuna haja ya kuamuru, mwambie mpango kabla mgonjwa hajaketi. “Mama, leo ni 46: ganzi, kuchimba, kujaza. Saruji tukoroge nikishakausha.” (46 ni namba ya molari ya kwanza ya chini kulia.) Glasi ionoma, yaani saruji hiyo ya kujazia, ikikorogwa mapema itagandia kwenye kibao wewe bado unachimba. Muulize pia anavyopanga trei. Mara nyingi ameshajua utakachoomba.

Kubalianeni pia mtafanya nini umeme ukikatika, kwa kuwa hapa kwetu utakatika. Aspireta inakufa na kiti kinabaki kimelala: wewe toa turbini, yeye amgeuze mgonjwa kichwa upande na kuweka kompresi (kitambaa cha kunyonya maji).

Sindano ya ganzi iliyokwisha kutumika haimo katika kupokezana huko. Aliyeidunga ndiye anayeifunika, kwa mkono mmoja, kifuniko kikiwa kimelala kwenye trei. Mama asiipokee ikiwa wazi, hata akinyoosha mkono mwenyewe.