Nimeweka macOS kwenye HP, draiva ya grafiksi naipata wapi?

SWALI: Habari fundi. Nina HP Pavilion, Core i7 kizazi cha 11, RAM 16GB, SSD 512GB na kadi ya NVIDIA MX450. Nataka kutumia Final Cut Pro ya Apple kwa kuediti video, sasa kuna jamaa alinipa fleshi yenye macOS (mfumo wa uendeshaji wa kompyuta za Apple) akaniambia inakubali laptopu zote. Kweli imewaka, lakini madirisha yanajivuta, mwanga wa skrini haupungui, waifai haionekani, na kwenye taarifa za mashine inaniandikia grafiksi 7 MB. Nimetafuta draiva ya Mac ya Iris Xe, zile grafiksi zilizomo ndani ya prosesa yenyewe, nimechoka. Naomba unitumie linki.

JIBU: Ndugu yangu, linki sina kwa sababu hiyo draiva, yaani programu ya kuufanya mfumo uongee na chipu, haipo. Apple wanaweka ndani ya macOS draiva za vifaa walivyovifunga kwenye Mac zao wenyewe basi, na Mac za mwisho walizotoa na prosesa za Intel ni za 2020 zenye kizazi cha 10, halafu Novemba mwaka huohuo wakaleta M1, chipu yao wenyewe, na safari ya Intel ikaishia hapo. Hakuna Mac hata moja iliyouzwa na kizazi cha 11. Kuna watu wanaojitolea wanajaribu kuilazimisha Iris Xe, ila hayo ni majaribio, si kitu cha kuwekea kazi ya mteja. Na hiyo MX450 ndiyo kabisa, maana kuanzia toleo la macOS la Mojave la 2018 kadi mpya za NVIDIA hazina draiva kwenye macOS, zilibaki zile za zamani za familia ya Kepler na zenyewe zikaondolewa kwenye toleo la Monterey la 2021. Kwa hiyo una kadi mbili na zote mbili macOS haizijui.

Sasa hiyo 7 MB niieleze vizuri kwa sababu kila anayeniandikia anadhani ni tatizo la memori, wengine wanataka kuongeza RAM! Mashine ikiwaka, firmware (programu ndogo iliyomo kwenye mashine yenyewe) inatenga kipande kidogo cha memori cha kuchorea picha ya mwanzo, ile unayoiona kabla mfumo haujapanda. Draiva halisi ikikosekana, macOS inaendelea kutumia hichohicho kipande na kazi yote ya kuchora inaangukia kwenye prosesa. Ndiyo maana ukiburuta dirisha linakuja linakatakata, ile sehemu ya chini yenye aikoni haina ule uangavu wake, video inaruka. Mwanga wa skrini nao unaendeshwa kupitia hiyohiyo draiva ya grafiksi, kwa hiyo hata ubonyeze vitufe mpaka kesho hakuna cha kusikiliza. Na Final Cut Pro inadai Metal, yaani ule mfumo wa Apple wa kuongea na kadi ya grafiksi, na Metal bila draiva hakuna. Maana yake hata hilo lililokufanya uanze safari yote hii halitafanya kazi hapo.

Kinachonikera zaidi kwenye maswali ya namna hii ni ile sentensi ya "lakini mashine yangu ina nguvu". Kila siku! Core i7, RAM 16, SSD ya kisasa, kwa nini ikatae? Jamani, nguvu haihusiki hapa. Mfumo wa uendeshaji hauangalii mashine ina nguvu kiasi gani, unaangalia kama kuna programu iliyoandikwa kwa ajili ya ile chipu hasa, na isipokuwepo ile chipu ni kama haipo. Ni sawa na kumpa mtu gazeti la lugha asiyoijua halafu ukaanza kumsifia macho yake makali. Laptopu ya kizazi cha 8 yenye grafiksi za Intel UHD 620 na RAM 8 tu, ambayo wewe ungeidharau, kwenye macOS itakuacha mbali sana, kwa sababu grafiksi za familia ile zilikuwemo kwenye Mac. Na upya wa mashine ndio unaozidi kuharibu: laptopu nyingi mpya hazina tena ule usingizi wa zamani, zinatumia ule wa kisasa wa Windows ambao macOS haiuelewi, ukifunga kifuniko ukaiweka kwenye begi unaikuta imechemka na betri imekwisha. Kisoma alama ya kidole sahau. Hata kwenye zile zenye Intel inayokubali pamoja na NVIDIA, unailaza NVIDIA unaendelea na Intel, halafu unagundua tundu la HDMI limeunganishwa kwenye hiyohiyo NVIDIA uliyoilaza, skrini ya nje huipati.

Halafu tuje kwa huyo jamaa wa fleshi. "Inakubali laptopu zote" ni uongo, na mtu anayesema hivyo ama hajui anachogawa ama anajua na hajali. Njia inayoeleweka ni OpenCore, programu ya kuwashia macOS kwenye PC isiyo ya Apple, na wanaoitengeneza wanakutaka uchukue macOS yenyewe kutoka seva za Apple halafu ujenge folda ya EFI, ile yenye mafaili ya kuwashia mfumo, kwa mashine yako wewe, chipu kwa chipu, ukijua kila faili limo kwa sababu gani. Huyo jamaa amechukua folda ya mtu mwingine, mashine nyingine, akarundika humo kila kext aliyoikuta ili mojawapo ibahatike. Kext ni kama draiva ya macOS, na inakaa ndani ya kerneli yenyewe, kile kiini cha mfumo. Kwenye mfumo wa uendeshaji hakuna sehemu ya ndani zaidi ya hapo, ikitaka kusoma unachoandika kwenye kibodi inasoma, na hizi imeji zilizopikwa, yaani mifumo iliyoandaliwa tayari na watu, mara nyingi zinakuja ulinzi wa mfumo tayari umezimwa. Wewe juu yake ukaingiza akaunti yako ya Apple? Na seriali namba iliyomo humo umeshea na kila aliyepewa hiyo fleshi, ndiyo watu wanashangaa iMessage imekataa au akaunti imefungwa.

Na hili silisemi kwa macOS peke yake. Windows 10 ilimaliza muda wake wa apdeti za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na kwa Intel kuanzia kizazi cha 8, basi wenye laptopu za zamani wanakimbilia matoleo "mepesi" ya Windows 11 yaliyokatwakatwa na mtu asiyejulikana, Defender, kinga ya virusi ya Windows, imetolewa, apdeti zimezimwa, na wanasifia kwamba ina spidi. Mtu akiamua kuruka hayo masharti kwa ISO, yaani faili la kuwekea Windows, ya Microsoft wenyewe akijua anachohatarisha, huyo naweza kuongea naye. Lakini ukiniletea mfumo uliofunguliwa na kufungwa tena na mtu usiyemjua, halafu humo ndimo unaingilia benki, sina msaada wa kiufundi wa kukupa zaidi ya kukwambia ufute. Na mwenye laptopu ya zamani anayetaka kitu chepesi, Linux ipo, draiva nyingi zimo ndani ya kerneli yenyewe, unaiwasha kwenye fleshi unajaribu waifai na sauti kabla hujagusa diski. Kwanini watu hawaanzii hapo sielewi.

Tena wanaoanza kujenga hackintosh, yaani PC isiyo ya Apple inayoendesha macOS, leo wajue Juni 2025 Apple walitangaza kwamba macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kwa Mac za Intel. Na mkataba wa macOS unaruhusu iwekwe kwenye kompyuta za Apple tu. Kampuni ya Psystar iliyokuwa ikiuza PC zenye macOS ilishtakiwa 2008 na mwaka uliofuata ikashindwa mahakamani. Kwa hiyo hata fundi anayekutoza hela ya kazi hii ajue anauza nini.

Turudi kwako. Kwa kuediti baki Windows, DaVinci Resolve ina toleo la bure na hizo kadi zako zote mbili Windows inazijua. MX450 si kadi kubwa, kwa hiyo tengeneza proksi, yaani nakala nyepesi, za klipu nzito uediti hizo. Kama kazi inalazimisha Final Cut, tafuta Mac mini iliyotumika ya M1, hakuna njia ya katikati kwenye hiyo HP.

Kabla hujafuta chochote, tumia simu badilisha pasiwedi ya akaunti ya Apple na uitoe hiyo mashine kwenye orodha ya vifaa vyako. Pasiwedi nyingine yoyote uliyoiandika humo ibadilishe pia. Kama Windows yako bado ipo kwenye diski na inakuletea skrini ya bluu ikisema haioni diski ya kubutia, usikimbilie kuformati, ingia BIOS (setingi za mashine kabla Windows haijawaka) uangalie SATA, yaani namna diski inavyoendeshwa: huyo jamaa kuna uwezekano mkubwa aliitoa kwenye RST akaiweka AHCI ili macOS ione SSD, irudishe kama ilivyokuwa. Ikikuomba ufunguo wa BitLocker, ile kufuli ya diski ya Windows, usiogope, imeshtuka kwa sababu setingi zimeguswa, ufunguo mara nyingi umo kwenye akaunti yako ya Microsoft, ingia kwa simu uuchukue. Ila kama alifuta diski nzima na mafaili yako hayakuwa na bakapu, zima hiyo mashine sasa hivi na usiandike kitu kingine juu yake, niandikie ulikuwa na nini humo.