Mashine ya Leonardo haikuruka

Je, Leonardo da Vinci, yule mchoraji wa Italia, aliwahi kuruka na mashine ya mabawa aliyoibuni? Hapana, hakuna ushahidi wa hilo. Ilibaki kwenye karatasi. Itazame michoro yake ya mwishoni mwa miaka ya 1480: mtu kalala kifudifudi juu ya ubao, miguu inasukuma kanyagio, kamba na kapi zinapigisha mabawa kama ya popo. Inapendeza mno! Ila misuli ya binadamu haiwezi kuinua mwili wake pamoja na mbao zile; mwanasayansi wa Italia, Borelli, alishalieleza hilo katika kitabu cha 1680. Mtu alikuja kuruka juu ya bahari toka Uingereza hadi Ufaransa kwa nguvu za miguu mwaka 1979, tena kwa kuzungusha pangaboi, si kupigisha mabawa, na chombo chenyewe kilikuwa na kilo 32 hivi.