Kutoa rangi ya mafuta kwenye maandishi ya milango ya Lamu

Maandishi ya mlango wa zamani yakiwa yamezibwa na rangi ya mafuta, usiyaguse kwa msasa. Msasa hauli rangi peke yake, unakula na kingo za herufi, na mbao ikishaliwa hakuna fundi wa kuirudisha.

Kazi hii nimeifanya kwenye nyumba kadhaa za Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, na chanzo ni kilekile: harusi imekaribia, nyumba inapakwa rangi, na brashi inapitishwa juu ya kizingiti kama inavyopitishwa ukutani. Rangi ya kwanza haidhuru sana. Zikirundikana, nukta za herufi za Kiarabu huzibika, na bila nukta utasomaje ba, ta na nun katikati ya neno? Tarakimu ndizo huumia zaidi. Sifuri ya Kiarabu ni nukta tu, na tatu inazidi mbili kwa jino moja. Jino hilo likijaa rangi, mwaka 1310 wa Hijria, ulioanza 1892, utasomeka 1210, na nyumba itapewa karibu karne nzima isiyokuwa yake. Historia ya ukoo hupotoka hivyo.

Kwanza piga picha. Usiku weka tochi ya simu ubavuni mwa ubao, vivuli vitakuonyesha herufi zilizofunikwa. Halafu waulize watu wa makumbusho kabla ya kugusa chochote, maana mji wa kale umo katika Urithi wa Dunia tangu 2001 na milango ni sehemu yake.

Chovya pamba katika spiriti, usugue kidogo pembeni pasipo na nakshi. Rangi ya maji italainika. Rangi ya mafuta haitajali, hiyo inataka dawa ya kutoa rangi. Nunua ile nzito ya jeli, kwa sababu nyepesi hutiririka hadi usikokutaka. Paka eneo dogo, funika kwa nailoni upepo usiikaushe, kisha subiri. Hapa ndipo wengi hushindwa. Rangi ikiwa bado haijakunjamana, hata kucha usiitie.

Ikishalegea, itoe kwa chelewa, yaani ujiti wa ukuti wa mnazi, iliyochongwa ncha. Sijapata kifaa bora kuliko hiki: kinaweza kuifukua rangi iliyolainika, lakini hakina nguvu ya kuichubua mbao ngumu. Herufi zilizochongwa kwa kuinuka zina hatari zaidi, kisu kikiteleza nukta imekwenda. Fuatisha mswaki laini, rudia dawa panapohitajika, kisha futa kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo.

Brashi ya waya wa chuma iache. Vipande vyake hubaki ndani ya mbao, na kwa hewa yetu ya chumvi vitashika kutu na kuacha madoa meusi. Kostiki soda nayo huigeuza mbao rangi na kuacha chumvi ndani yake. Usikubali, hata fundi akikuambia ni rahisi.

Fanya kazi nje au dakani, barazani mlangoni, penye hewa, uvae glavu za mpira. Rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo usizikwangue zikiwa kavu, waondoe watoto, na maganda yote uyakusanye.

Ukikuta chini kabisa ya mfereji wa nakshi rangi nyembamba, ngumu, isiyofanana na ya juu, simama. Huenda aliitia mchongaji mwenyewe. Na hata ikiwa ni mabaki ya rangi ya juzi kwenye kona finyu, mimi ningeyaacha kuliko kuyafukuzia kwa patasi.

Mwisho pangusa mafuta ya kitani, kidogo sana, ufute yanayobaki juu. Matambara uliyotumia usiyarundike: mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe. Yaanike moja moja nje, mbali na makuti, au uyatie kwenye ndoo ya maji siku hiyohiyo.