Fiancé au fiancée? Jibu kwa dada anayeandika barua ya viza

SWALI: Mchumba wangu ni raia wa Marekani, ananiombea viza ya K-1, ile ya wachumba. Kwenye barua yangu nimeandika: “I am betrothed with my fiancée.” Rafiki yangu anasema nimekosea mara tatu. Nimekosea wapi?

JIBU: Dada, hongera kwa uchumba. Rafiki yako amesema kweli, na kosa zito ni hilo la mwisho, la fiancée. Kiingereza kililichukua neno hilo kwa Wafaransa pamoja na jinsia yake: mwanamume ni fiancé, kwa e moja; mwanamke ni fiancée, kwa e mbili. Matamshi ni yaleyale, hivyo hata wenye lugha yao hukosea wakiandika. Kwetu mchumba ni mchumba, awe wa kike au wa kiume, ndiyo maana hukushtuka. Lakini barua yako inasema mchumba wako ni mwanamke! Itazame fomu ya I-129F aliyojaza mwenzako: kwenye kichwa chake e ya pili imetiwa ndani ya mabano ili ifae wote. Wewe baruani huna haja ya mabano. Yeye ni fiancé, wewe ni fiancée.

Betrothed ni neno la kale, ndugu wa truth, yaani kuahidiana kwa kweli. Siku hizi lina harufu ya hadithi za wafalme na ndoa zilizopangwa na wazee. Tumia engaged. Na iwe engaged to, si with; hapo ndipo “na” yetu ya “nimechumbiana na” inapotuponza.

Ninalokuomba uliangalie zaidi ni posa. To propose ni mtu kumwomba mpenzi wake wafunge ndoa, wao wawili. Posa yetu ina barua, ina mshenga, ina wazee sebuleni. Kama walikuja kwenu, usiandike “he proposed to my parents”, itasomeka kana kwamba aliwataka wazazi wako! Andika: “His family asked my parents for my hand in marriage.”

Tena, mtaani mpenzi yeyote huitwa mchumba. Kwenye barua hii hapana: boyfriend si fiancé, na viza ya K-1 inawataka mfunge ndoa ndani ya siku 90 tangu uingie Marekani.

Sentensi yako basi iwe fupi: “I am engaged to”, kisha jina lake kamili kama lilivyo kwenye pasipoti.