Jibu: Nimtetee bibi jirani anayeitwa mchawi?
Ndugu yangu wa Kongwa, umeuliza kama umtetee au umwache jirani yako mzee, anayeitwa mchawi kwa sababu ya macho mekundu, maana ukoo wako umeshakununia. Mtetee! Macho yale huenda ni moshi wa kuni tu, au trakoma, ugonjwa wa macho ambao umewatesa sana wazee wetu wa Dodoma: kope hujikunja ndani zikakwaruza jicho kila anapopepesa. Ni maumivu makali, na yanatibika hospitali. Halafu Sheria ya Uchawi, ya tangu 1928, inamtia hatiani anayemzushia mwenzake uchawi. Muone mtendaji wa kijiji kabla ya mkutano wowote wa kumjadili bibi. Wakitishia kumdhuru, nenda polisi. Ukoo ukinuna, unune. Na bibi asilale peke yake siku hizi.