Nilivyoikaribia Guinness nikipika nyumbani: ipime bia yenyewe kabla hujatafuta resipi

Mtu akitaka kuiga bia anayoipenda, kitu cha kwanza anachofanya ni kutafuta resipi, na mi nilianza hivyo hivyo. Nilikusanya resipi kama tisa za Guinness, kila moja inadai ndio yenyewe, nikachagua ile iliyokuwa na aina nyingi za kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa, nikiamini kwamba siri itakuwa imejificha humo kwenye wingi, nikapika. Ikatoka bia nyeusi inayonyweka vizuri tu, ila Guinness haikuwa hata kidogo. Ilikuwa nzito, tamu, ina harufu ya kahawa iliyoungua na ukishameza inabaki imeganda ulimini. Leo nimeshaipika mara sita na ile ya sita nikiiweka pembeni ya yenyewe naona kabisa ni ndugu wa tumbo moja, kwahiyo nataka nieleze kilichobadilika hapo katikati, maana hii bia naipenda kweli na najua kuna watu wanahangaika nayo kama nilivyohangaika.

Kabla ya yote amua unaiga Guinness ipi. Jina ni moja ila bia ni tofauti kabisa. Ile Draught, ya kopo lenye kidude cha plastiki ndani au inayotoka kwenye bomba la baa taratibu ikijipanga na povu lake kama krimu, ina kileo asilimia 4.2. Foreign Extra ni bia nyingine, kali, inafika 7.5 kwenye nchi nyingi, ina uchungu zaidi na gesi yake ni ya kawaida. Kumbe mi nilikuwa nataka Draught huku natumia resipi ambayo nusu yake imechukuliwa kwenye Foreign Extra, yaani hata ningepika kwa ustadi gani nisingefika.

Sasa twende kwenye jambo ambalo ningelijua mapema lingeniokolea mipiko miwili mizima. Bia unayotaka kuiiga inapimika. Huhitaji maabara. Chukua mbili, moja kaa nayo na daftari uinywe polepole uandike kila unachokisikia, nyingine imimine kutoka glasi moja kwenda nyingine mara nyingi sana mpaka gesi yote iishe, iache ifikie nyuzi 20 hivi, halafu tumbukiza haidromita, kile kipimo kinachoelea na kuonyesha uzito wa kimiminika ukilinganisha na maji, ambayo ni 1.000. Namba utakayoiona ndio uzito iliobaki nao baada ya hamira kumaliza kazi. Mi nilipata 1.007. Halafu kileo si kimeandikwa kwenye kopo? Chukua 4.2 ugawanye kwa 131.25, namba ambayo wapikaji wanaitumia kubadilisha tofauti ya uzito kuwa kileo, unapata 0.032, jumlisha na ile 1.007 unapata 1.039, na hapo umeshajua maji ya kimea, yale yaliyobeba sukari yake, yalikuwa na uzito gani kabla hayajawekwa hamira. Umepata mwanzo wa safari na mwisho wake bila kumuuliza mtu yeyote, na resipi yoyote isiyokaribia hizo namba mbili unaiweka pembeni.

Nilipoipima ya kwangu ya kwanza ikasoma 1.016. Hapo ndipo nilipoelewa ule utamu. Nilikuwa nimeloweka kimea kwenye maji ya nyuzi 69 kwasababu niliamini Guinness ni bia nzito, si ni nyeusi na ina lile povu. Kumbe ni nyepesi, ina kileo kidogo kuliko laga nyingi sana, ule uzito unaousikia mdomoni unatoka kwenye povu na gesi. Ndani ya kimea kuna vimeng'enya vya aina mbili vinavyokata wanga kuwa sukari, kimoja kinafanya kazi vizuri kwenye nyuzi 62 mpaka 65 na kinatoa sukari fupi fupi ambazo hamira inazimaliza, kingine kinapenda joto zaidi na kinaacha sukari ndefu ambazo hamira haiziwezi. Ukipandisha joto yule wa kwanza anakufa mapema na bia inabaki na utamu. Mpiko wa pili sikugusa kitu kingine chochote, nilishusha joto tu mpaka 65 nikaliacha saa nzima, ikamalizia 1.009. Ladha ya kuungua bado ilikuwepo ila ule ugandaji ulimini ukaondoka, na nilifurahi siku hiyo mpaka nikampigia rafiki yangu usiku.

Mpiko wa tatu nikasafisha orodha ya nafaka. Nikatoa kimea cha chokoleti, nikatoa cha karameli, nikatoa kimea cheusi, nikabaki na vitu vitatu tu. Kwa lita 20 zinazoingia kwenye ndoo ya kuchachushia natumia kilo 2.7 za kimea cheupe cha kawaida, gramu 750 za shayiri bapa (shayiri isiyooteshwa iliyobanwa ikawa bapa) na gramu 400 za shayiri iliyochomwa. Ni kama asilimia 70, 20 na 10, mgawanyo ambao wapikaji wa nyumbani wa stauti kavu, yaani bia nyeusi isiyo na utamu kama hii, wanaujua miaka mingi, na kwa vyombo vyangu hapo nafika 1.040. Kama vyombo vyako vinatoa sukari kidogo ongeza kimea cheupe, usiguse ile iliyochomwa.

Na naomba usichanganye shayiri iliyochomwa na kimea cheusi, watu wanaona zote ni nyeusi wanadhani ni kitu kimoja. Kimea ni shayiri iliyooteshwa kwanza. Hii haijaoteshwa, imechomwa ikiwa mbichi hivyo hivyo, Guinness wenyewe wanasema ya kwao wanaichoma kwenye nyuzi 232. Inatoa ule ukavu wa kahawa bila lile jivu zito, na rangi yake ukiinua glasi kwenye mwanga ni nyekundu iliyokolea, wala sio nyeusi. Hicho ni kipimo kizuri pia, kama glasi yako haionyeshi wekundu wowote mwanga unapopita basi umezidisha.

Shayiri bapa ndio inayolisimamisha povu. Hii imejaa wanga ambao haujaguswa na vimeng'enya vyake haina, kwahiyo lazima ilowekwe pamoja na kimea cheupe. Kama unapikia sharubati ya kimea ya kopo usiloweke shayiri bapa peke yake kama chai, utapata bia yenye ukungu wa wanga na hamna faida yoyote. Afu inanata, kuchuja kunakuwa kwa polepole sana, usiharakishe bomba, fungua kidogo kidogo.

Kwenye hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, sitakaa sana. Gramu 60 za East Kent Goldings zenye alfa asidi (ndiyo inayoleta uchungu) asilimia 5, zote mwanzoni mwa kuchemsha, dakika 60. Inakupa uchungu karibu na 40 kwenye kipimo cha uchungu wa bia, IBU. Ukiwa na hopsi zenye alfa 10 weka nusu yake. Hakuna hopsi za harufu mwishoni, ukiziweka umeshaondoka kwenye bia hii.

Maji sasa. Hapa ndipo nilipokwama muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote. Mpiko wa tatu ulikuwa na nafaka sahihi, joto sahihi, namba zote zimekaa, na bado bia ilikuwa na ukali fulani wa kukwaruza, nyembamba, kama umelamba jivu la karatasi. Nikabadilisha hamira nikidhani ndio tatizo, hamna. Mpaka nilipopima asidi ya ule uji wa nafaka nikakuta pH 5.0, na namba hiyo ikishuka ndio asidi inazidi, nikajua. Nafaka iliyochomwa ina asidi, na maji yangu ni laini, hayana madini ya kuizuia ile asidi, kwahiyo asilimia 10 ya shayiri iliyochomwa inashusha kila kitu chini sana. Maji ya Dublin, kule ambako Arthur Guinness alisaini mkataba wa kiwanda mwaka 1759, yanajulikana kwa kuwa na bikaboneti nyingi, na bikaboneti ndio inayopambana na asidi, ndio maana stauti ilikubali kule. Unaweza kuwa na maji mazuri kabisa ya kupikia laga nyeupe halafu yakakuharibia stauti.

Kuna njia mbili za kulitatua, zote nimezijaribu. Moja ni kuiweka shayiri iliyochomwa mwishoni, dakika 15 za mwisho za kuloweka, ili isisumbue kazi ya vimeng'enya. Bia inatoka laini, ya kistaarabu, ila mi niliona imepoteza ule mkwaruzo mdogo mwishoni ambao ndio Guinness yenyewe. Nyingine ni kuongeza bikaboneti ya sodiamu, ile ile ya jikoni, mi nilianza na gramu 2, nikakoroga, nikapima tena, nikasogea hivyo mpaka nikafika 5.5. Hii ndio ninayoitumia. Usiweke kwa kukisia kwasababu ikizidi utaisikia chumvi, na kama maji yako tayari ni magumu huenda huhitaji chochote, pima kwanza. Na kama maji yako yana klorini yachemshe au yaache wazi usiku, ingawa kuna aina nyingine, kloramini, ambayo haiondoki hivyo, inahitaji kile kidonge cha salfaiti kinachoitwa Campden.

Hamira natumia ya ale ya Ireland, zinauzwa kwa jina hilo, nachachusha kwenye nyuzi 18 mpaka 20. Mpiko mmoja uliniponyoka ukafika 25 na bia nzima ikanukia matunda, kileo kinachoma kooni wakati ni kidogo tu. Kama huna friji ya kazi hiyo weka ndoo ndani ya beseni la maji, ifunike kitambaa kilicholowa, badilisha chupa za barafu asubuhi na jioni. Siku tatu za kwanza ndio muhimu, hapo hamira inatoa joto lake yenyewe na ndani kunakuwa na moto kuliko kipimajoto cha ukutani kinavyokuambia.

Nimesoma sana pia madai kwamba ndani ya Guinness kuna bia kidogo iliyochacha inachanganywa ndio inatoa ule uchachu. Nilijaribu kwa kuweka asidi kidogo ya maziwa kwenye lita mbili nilizozitenga. Kwangu haikusogea karibu, ilisogea mbali, na baada ya kurekebisha pH sikuona tena sababu ya kuihitaji. Nimeiacha.

Kitu ambacho nakuomba sana ukifanye ni kuonja kwa vikombe vitatu. Mtu mwingine anamimina, wewe huoni, viwili vina bia moja na kimoja kina nyingine, kazi yako ni kukitaja kilicho tofauti. Usipokitaja kwa uhakika basi hicho ulichobadilisha hakijabadilisha chochote, hata kama moyo unakuambia imekuwa tamu zaidi. Badilisha kitu kimoja kwa kila mpiko, sio viwili, hata kama una haraka. Najua inauma kusubiri wiki nne kwa ajili ya swali moja, lakini ukibadilisha hamira na kimea na joto kwa pamoja hujifunzi kitu, bia ikiwa nzuri hujui kwanini na ikiwa mbaya hujui kwanini.

Na ukiwa unaonja hivyo toa gesi kwenye bia zote mbili kwanza, maana gesi ndio itakayokudanganya kuliko kitu kingine. Hii bia inapewa nitrojeni, wameanza mambo hayo mwaka 1959, na nitrojeni haiyeyuki kirahisi kwenye bia kwahiyo inatoka kwa viputo vidogo vidogo sana, ndio ile krimu. Hewa ya ukaa inayowekwa humo ni kidogo mno. Ukiweka stauti yako kwenye chupa na gesi kama ya laga inakuwa inauma ulimi, inaificha ladha, unafikiri umekosea kwenye nafaka wakati umekosea kwenye sukari ya chupa, ile unayoiweka wakati wa kujaza chupa ili gesi itengenezwe humo. Natumia gramu 80 tu za sukari ya kawaida kwa lita 20, na siweki chupani mpaka haidromita isome namba ile ile siku tatu mfululizo, chupa zinapasuka jamani, hilo sio la kubahatisha.

Mwenye kegi, lile pipa la chuma la bia, na mtungi wa mchanganyiko wa nitrojeni asilimia 75 na hewa ya ukaa 25, pamoja na lile bomba maalum la stauti lenye kisahani cha matundu madogo ndani, huyo anaweza kufika kabisa. Mi sina. Ninachofanya ni bomba la sindano, jipya, safi, halijawahi kutumika na halina sindano yenyewe. Namimina bia kwenye glasi taratibu, navuta kidogo kwenye bomba la sindano, narudisha kwa nguvu katikati ya glasi, na bia nzima inaanza kuchemka kwa viputo vidogo vinavyoshuka pembeni na kupanda katikati, povu linajikusanya juu rangi ya maziwa. Halidumu kama la kopo, likifika nusu ya glasi limeshapungua, na mpiko wa saba nataka nipandishe shayiri bapa mpaka gramu 900 nione kama litakaa mpaka mwisho, hizo 150 nazitoa kwenye kimea cheupe, vingine vyote vinabaki pale pale.